Umbali na Muda: Historia ya Safari kati ya Dar es Salaam na Nyanda za Songwe

Kati ya Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, ulioko Kipawa jijini Dar es Salaam, na Uwanja wa Ndege wa Songwe, ulioko magharibi ya mji mdogo wa Mbalizi, pana kilomita zipatazo 690 kwa mstari ulionyooka. Mstari huo ni kipande cha kile kinachoitwa duara kuu, yaani duara linalozunguka uso wa dunia na kuigawa dunia nusu kwa nusu, na kwa kuwa dunia ni tufe wala si bapa, kipande cha duara hilo ndicho njia fupi kuliko zote baina ya mahali pawili. Marubani huipima njia hiyo kwa maili za baharini, kila maili ikiwa na mita 1,852, kipimo kilichopatikana kwa kuigawa digrii moja ya latitudo katika sehemu 60 zilizo sawa. Kwa hesabu yao safari hiyo ni ya maili 373 hivi. Mstari ukisogezwa mbele hadi Tunduma, mji uliokaa mpakani mwa Tanzania na Zambia, unafikia kilomita 760 hivi, ilhali barabara ya lami inayopita Morogoro, Iringa na Mbeya huchukua takriban kilomita 930, na reli ya TAZARA, inayokata Bonde la Kilombero kabla ya kupanda nyanda za juu, karibu 970.

Tarakimu hizo ni za ardhi, na ardhi haikusogea. Kilichosogea ni muda wa kuzimaliza, ambao katika kipindi cha takriban miaka 140 umeshuka kutoka miezi hadi saa. Hata hivyo historia ya kushuka huko haielezeki kwa kutaja tu vyombo vilivyozidiana mbio, kwa sababu karibu kila mara muda ulipopunguzwa, ulipunguzwa kwa haja ya watu wa mbali: barua za kati ya London na Cape Town, mafuta ya Zambia, shaba iliyotafuta bandari. Wanyamwanga wa Momba na Tunduma, Wanyiha wa Mbozi na Wandali wa Ileje waliishi chini ya njia hizo na pembeni yake kwa miongo mingi kabla ya wao wenyewe kuzipanda.

Jina la Songwe nalo linahitaji kufafanuliwa mapema, maana linabeba vitu vinne tofauti. Iko mito miwili yenye jina hilo, mmoja ukimwaga maji yake Ziwa Nyasa na kuwa mpaka wa Tanzania na Malawi, na mwingine ukielekea kaskazini hadi Ziwa Rukwa. Uko uwanja wa ndege, uliopewa jina la eneo ulipojengwa. Na uko Mkoa wa Songwe, uliozaliwa mwaka 2016 kwa kuumega upande wa magharibi wa Mkoa wa Mbeya, makao makuu yake yakiwa Vwawa. Uwanja wenyewe ulibaki upande wa Mbeya, hivyo mkoa unaoitwa Songwe hauna ndani ya mipaka yake uwanja unaoitwa Songwe. Jambo hili si la majina tu, kama itakavyoonekana mwishoni.

Safari ya zamani yenye tarehe zinazoweza kufuatwa vizuri ni ile ya msafara uliotumwa na Chama cha Kifalme cha Jiografia cha Uingereza, ulioondoka Dar es Salaam Mei 1879 chini ya uongozi wa Keith Johnston, huku mkuu wa wapagazi akiwa Chuma, mmoja wa wale walioubeba mwili wa David Livingstone kutoka Chitambo hadi pwani. Johnston alifariki kwa ugonjwa huko Behobeho mwishoni mwa Juni, kabla msafara haujafika hata nusu ya njia, na uongozi ukamwangukia kijana Joseph Thomson, ambaye kwa kumtegemea Chuma aliwafikisha watu wake kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwezi Septemba. Kutoka hapo walipanda nyanda za Wanyiha na kuzivuka nchi zilizo katika Mkoa wa Songwe wa leo, wakafika kusini mwa Ziwa Tanganyika mapema Novemba.

Miezi minne kutoka pwani hadi Nyasa, kwa umbali usiozidi sana kilomita 650 wa mstari ulionyooka, ni wastani wa kilomita tano na ushei kwa siku. Wastani huo unashangaza mpaka itambuliwe kwamba muda wa msafara haukuwa muda wa kutembea. Mpagazi mwenye mzigo kichwani aliweza kutembea saa nne au tano tangu alfajiri, lakini siku nyingi zilikwisha kambini: kuuguza wagonjwa, kununua posho, kungojea ruhusa ya mtawala wa nchi na kukubaliana naye hongo, ambayo wakati ule ilikuwa ada halali ya kupita katika ardhi ya mtu. Palipokuwa na mbuga isiyo na maji, msafara ulipiga terekeza, yaani uliondoka mchana na kutembea hadi jioni, kila mtu akiwa amebeba maji yake, ukalala popote giza lilipoukuta ili kesho yake mapema uyafikie maji. Kwa hiyo umbali ulihesabiwa kwa siku za mwendo na kwa visima, si kwa hatua, na vijiji viwili vilivyopakana vingeweza kuwa mbali kuliko viwili vilivyotenganishwa na pori zima, ikiwa baina ya vile vya kwanza pana vita.

Miaka michache baadaye njia ilianza kuchorwa na wenye mitaji. James Stevenson, mfanyabiashara wa Glasgow aliyekuwa na hisa katika Kampuni ya Maziwa ya Afrika, alitoa fedha ili ijengwe barabara kutoka Karonga, ufukweni mwa Nyasa, hadi Ziwa Tanganyika, ili mizigo ipelekwe kwa meli katika maziwa na kwa nchi kavu mahali pamoja tu. Mhandisi wake wa kwanza, James Stewart, alifariki mwaka 1883, na kazi haikupata kukamilika. Kipande kilichoanzia ziwani ndicho kilichojengwa kikawa barabara hasa, na kilichobaki kilikuwa njia ya miguu iliyofyekwa. Lakini barabara hiyo nusu nusu iliacha alama kubwa kuliko magurudumu yaliyopita juu yake. Waingereza na Wajerumani walipogawana nchi kwa mkataba wa tarehe 1 Julai 1890, Waingereza walishikilia kwamba Barabara ya Stevenson ibaki upande wao, na mpaka ukavutwa kaskazini yake. Ndiyo asili ya mstari ambao leo unaigawa Tunduma na Nakonde. Mpaka huo haukufuata mto wala mlima unaoonekana na mpita njia. Ulifuata kwa sehemu kubwa haja ya kampuni ya kufupisha safari baina ya maziwa mawili, na Wanyamwanga wakajikuta wako pande zote mbili.

Jinsi habari zilivyotembea polepole katika nyanda hizo ilidhihirika mwishoni mwa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kikosi cha Wajerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck, kikiwa na askari na wapagazi Waafrika waliochoka, kilipita Mbozi mwishoni mwa Oktoba 1918, kikalishambulia boma la Waingereza la Fife, ng'ambo kidogo tu ya Tunduma ya leo, kisha kikaelekea kusini. Vita vilikoma Ulaya tarehe 11 Novemba. Habari hiyo, iliyosafiri kwa simu ya upepo na ya nyaya na kisha kwa tarishi, ilikifikia kikosi siku mbili baadaye, lakini watu wenyewe walihitaji hadi tarehe 25 Novemba kutembea mpaka Abercorn, ambayo sasa ni Mbala, na kuweka silaha chini. Ujumbe ulikuwa umeshaanza kutengana na mguu, na hilo ndilo lililowapa watawala hamu ya kuutenganisha pia mwili wa msafiri na ardhi.

Mwaka 1919 Waingereza walituma vikundi vya wapimaji kufyeka viwanja vya ndege kutoka Cairo hadi Cape Town, na Abercorn ilikuwa mojawapo ya vituo. Kufyeka uwanja katika pori la miombo hakukuwa kukata miti peke yake; mizizi iling'olewa, na vichuguu, ambavyo vingine vina ukubwa wa nyumba, vilibomolewa na kusambazwa kwa majembe na karai na vibarua wa vijiji vya jirani, ambao hawakuwahi kuona ndege. Mwaka uliofuata marubani wawili wa Afrika Kusini, Pierre van Ryneveld na Quintin Brand, waliondoka Uingereza tarehe 4 Februari na kufika Cape Town tarehe 20 Machi, baada ya kuharibikiwa ndege mbili njiani. Siku 45 zilipita tangu waondoke, ilhali muda walioutumia angani ulikuwa saa 109 na nusu tu. Tofauti hiyo baina ya muda wa kuruka na muda wa kusafiri ni ya msingi katika habari yote inayofuata.

Usafiri wa ratiba ulikuja mwaka 1932, wakati shirika la Imperial Airways la Uingereza lilipofungua njia ya barua kutoka London hadi Cape Town mwezi Januari na kuanza kuchukua abiria mwezi Aprili. Kutoka Nairobi ndege ilitua Moshi, Dodoma, Mbeya, kisha Mpika na Broken Hill, ambayo ni Kabwe ya leo. Mbeya ulikuwa mji mchanga, ulioanza mwaka 1927 na kukuzwa na dhahabu ya Lupa kule Chunya, wala haukuwa na ukubwa wa kustahili kituo katika njia ya bara zima. Ulichaguliwa kwa hesabu. Kutoka Dodoma hadi Mbeya ni kilomita zipatazo 395 kwa mstari ulionyooka, na kutoka Mbeya hadi Mpika ni karibu idadi hiyohiyo, kwa hiyo Mbeya ulikaa katikati kabisa ya kipande ambacho ndege za wakati ule zisingeweza kukivuka bila kujaza mafuta kwa usalama. Ndege zilizotumika kusini mwa Nairobi, aina ya de Havilland Hercules zenye injini tatu na mabawa mawili, moja juu ya jingine, zilikwenda kilomita zisizozidi 180 kwa saa, na kwa mwendo huo Dodoma na Mbeya zilitengana kwa saa mbili na robo.

Inafaa kutazama kwa karibu namna abiria alivyosafiri. Alipimwa uzito yeye pamoja na mizigo yake, kwa kuwa ratili iliyozidi ya mtu ilikuwa ratili iliyopunguzwa ya mafuta. Ndege haikuruka usiku, basi jioni ilipofika alilala hotelini au katika nyumba ya wageni, akaamshwa kabla ya mapambazuko ili ndege ipae kabla jua halijaipasha hewa joto na kuifanya isukesuke. Safari nzima kutoka London hadi Cape Town, ambayo ni kama kilomita 13,000, iliwekewa ratiba ya siku 11 hivi, dhidi ya wiki mbili na nusu za meli. Mstari kutoka Mbeya hadi Mpika unapita juu ya milima ya Ileje, ambako njia za miguu zilikuwa ndizo njia pekee. Kijana wa Kindali aliyekuwa akienda kutafuta kibarua katika machimbo ya Lupa au katika migodi ya shaba kusini aliweza kutembea wiki nzima, na zaidi ya wiki, chini ya anga ambayo barua ya London iliivuka kabla ya chakula cha mchana.

Neema hiyo, kama ilikuwa neema, haikudumu. Mwaka 1937 shirika hilo liliihamishia njia yake kuu pwani, likitumia ndege zinazotua majini, zilizopita Mombasa, Dar es Salaam na Lindi hadi Durban. Ndege hizo kubwa hazikuhitaji viwanja vya kufyekwa wala vichuguu vya kubomolewa, na kwa hivyo hazikuihitaji Mbeya. Kituo kilichokuwa katika njia kuu ya himaya kikawa cha tawi, kikihudumiwa na ndege ndogo za Wilson Airways, kampuni ya Nairobi iliyoanzishwa mwaka 1929 na Florence Kerr Wilson. Baada ya Vita vya Pili huduma za ukanda huu zilishikwa na Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililoanza kazi mwaka 1946 na kumilikiwa kwa pamoja na serikali za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Somo la mwaka 1937 ni zito kwa mtu wa nyanda za juu: mahali panapokuwa karibu kwa sababu tu chombo cha wengine hakina mafuta ya kutosha, hupata kuwa mbali tena siku chombo kinapoboreshwa.

Kurudi kwa Songwe katika ramani ya dunia kulitokana na siasa. Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya walowezi wa Rhodesia ya Kusini ilijitangazia uhuru, na Zambia, iliyotegemea reli na mafuta yaliyopita humo, ikajikuta imebanwa. Kuanzia Desemba mwaka huo ndege za Uingereza, Kanada na Marekani ziliisombea Zambia mafuta kwa mapipa. Hapo ndipo udhaifu wa ndege ulipoonekana waziwazi, kwa maana chombo hicho huchoma mafuta mengi ili kuyafikisha mafuta, na kadiri umbali unavyozidi ndivyo sehemu inayobaki kwa mpokeaji inavyokuwa ghali. Mzigo mkubwa ulilazimika kuja chini, katika barabara ya vumbi na tope kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma na kuendelea, ambayo madereva wa kigeni waliipa jina la Njia ya Jehanamu kwa sababu ya malori yaliyopinduka katika miteremko yake. Katika kifuku, lori lililoondoka pwani lilifika mpakani kwa siku zisizotabirika, na dereva aliyekwama alilala chini ya gari lake mpaka udongo ukauke.

Majibu yalikuwa matatu, nayo yote yalipita katika ardhi ya Songwe. Bomba la mafuta la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lilianza kazi mwaka 1968. Barabara iliwekwa lami katika miaka ya mwanzo ya 1970. Na reli ya TAZARA, iliyotokana na mkataba uliotiwa saini Beijing mwezi Septemba 1967 kati ya China, Tanzania na Zambia, ilianza kujengwa Oktoba 1970, ikafika mpakani Tunduma Agosti 1973, na kukabidhiwa rasmi Julai 1976 ikiwa na kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi. Kipande kigumu kilikuwa kile cha kati ya Mlimba na Makambako, ambako mahandaki na madaraja yamefuatana huku reli ikipanda kutoka bondeni hadi nyanda za juu. Zaidi ya Wachina 60 walikufa katika kazi hiyo, pamoja na wenyeji waliofanya kazi bega kwa bega nao, na makaburi ya Wachina yaliyoko Gongo la Mboto bado yanatunzwa.

Kwa mkazi wa Tunduma reli hiyo ilikuwa badiliko la kwanza lililomhusu yeye mwenyewe. Nauli ya daraja la tatu iliweza kulipwa kwa mauzo ya magunia machache ya mahindi, na safari ya pwani iliyowahi kuhitaji miezi ikawa ya siku moja na kitu. Treni haikuwa ya haraka, lakini ilisimama Mlowo, Vwawa na Mpemba, na huo ndio ubora ambao ndege haijawahi kuwa nao. Chombo kinachosimama njiani humchelewesha aliye mwisho wa safari na humfaa aliye katikati yake. Kwa hiyo kila anayesifu kasi ni lazima aulizwe ni kasi ya nani.

Usafiri wa anga katika kipindi hicho ulibaki mdogo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, shirika lake la ndege likafa nayo, na Tanzania ikaanzisha shirika lake mwaka huohuo. Uwanja wa zamani wa Mbeya ulikuwa ndani ya mji, chini ya safu ya Loleza, kwenye kimo cha mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, njia yake ya kurukia ikiwa fupi na nyumba zikizidi kuusogelea. Kimo hicho si jambo dogo. Hewa hupungua uzito kadiri mtu anavyopanda, na katika kimo kile ina uzito pungufu kwa takriban asilimia 15 kuliko ya pwani. Bawa hupata msukumo mdogo wa kuinua ndege, injini nayo hupumua hewa haba, hivyo ndege hulazimika kukimbia kwa kasi zaidi na mbali zaidi ardhini kabla ya kupaa. Uwanja unaotosha Dar es Salaam hautoshi Mbeya, na uwanja mfupi wa Mbeya uliweza kupokea ndege ndogo tu.

Ndiyo sababu uwanja mpya ulitafutiwa mahali bondeni, penye kimo cha mita 1,345 hivi, penye tambarare ya kuweza kulaza njia ya kurukia yenye urefu wa zaidi ya kilomita tatu. Ujenzi ulisuasua kwa miaka mingi, na watu wa Mbeya, Mbozi na Rungwe waliungojea hadi wengine wakakata tamaa, lakini Desemba 2012 Uwanja wa Ndege wa Songwe ulifunguliwa kwa safari za abiria, na kuanzia mwaka 2013 ndege kubwa za jeti zilianza kutua kwa ratiba. Ndege yenye rafadha, yaani ile inayovutwa na mapanga yanayozunguka, huenda karibu kilomita 500 kwa saa, na jeti zaidi ya 800. Hata hivyo jeti haimalizi safari kwa dakika 50 kama mgawanyo wa hesabu unavyoonyesha. Mashirika huhesabu muda tangu ndege inapoondoka maegeshoni hadi inaposimama maegeshoni kwingine, na ndani ya muda huo mna kuburuzika hadi kwenye njia ya kurukia, kupanda polepole, kushuka polepole na wakati mwingine kuzunguka kungojea zamu. Kwa hiyo tiketi huandikwa saa moja na dakika 20 hivi kwa jeti, na zaidi ya hapo kwa ndege ya rafadha. Ukungu wa bonde huweza kuurefusha muda huo ghafla, na kwa miaka ya mwanzo, kabla taa za njia ya kurukia hazijawekwa, ratiba yote ilibanwa ndani ya mwanga wa mchana, kama ilivyokuwa mwaka 1932.

Kuna muda mwingine ambao hauonekani katika tiketi. Dunia huzunguka digrii moja kwa kila dakika nne, na Tunduma iko digrii sita na nusu hivi magharibi ya Dar es Salaam, kwa hiyo jua linalochomoza Kariakoo huchelewa Tunduma kwa takriban dakika 26, ingawa saa ya ukutani ni moja nchi nzima. Hatua chache mbele, Nakonde, saa hurudi nyuma kwa saa kamili, kwa sababu Zambia hufuata majira ya kusini mwa Afrika. Simu iliyoko mfukoni mwa mfanyabiashara wa Tunduma, ikinasa mtandao wa ng'ambo, hujibadilisha yenyewe, na saa mbili asubuhi ikawa saa moja. Mtu wa Nakonde mwenye tiketi ya kuruka Songwe saa nane mchana anapaswa kukumbuka kwamba kwao hiyo ni saa saba, na kwamba akiitazama saa ya kanisa la kwao tu, ataikuta ndege imeshapaa. Kwa jua, hata hivyo, Tunduma iko karibu zaidi na saa ya Zambia kuliko ya Dar es Salaam. Mpaka uliowekwa kwa ajili ya barabara ya Stevenson ndio unaoamua saa ya mkulima ya kuamka.

Siku ya msafiri wa leo kutoka Tunduma huonyesha vizuri mahali muda ulipokwama. Mfanyabiashara anayekwenda Kariakoo kununua bidhaa huondoka nyumbani akiwa na kilomita 80 na ushei za barabara kupitia Mpemba, Vwawa na Mlowo kabla ya kuuona uwanja, nazo kwa gari la abiria huchukua saa mbili njia ikiwa nyeupe. Hutakiwa awe kaunta mapema kwa ukaguzi na kupimiwa mizigo. Huruka saa moja na dakika 20. Kisha hungojea begi lake Kipawa na kuingia katika foleni ya kuelekea mjini. Kwa jumla hutumia kama saa saba mlango kwa mlango, na katika hizo angani huwa chini ya sehemu moja ya tano. Basi la moja kwa moja, lililokuwa likilazimika kulala njiani au kuwahi kabla ya katazo la safari za usiku mpaka katazo hilo lilipoondolewa mwaka 2023, huchukua saa 15 na zaidi, lakini humpakia karibu na mlango wake na kumbebea marobota ambayo ndege ingeyatoza pesa nyingi.

Na njia huwa nyeupe mara chache. Tunduma ndilo lango kuu la mizigo iendayo Zambia na kusini mwa Kongo, na foleni ya malori yanayongojea kuvuka huweza kurudi nyuma hadi Mpemba na kupita hapo, ikiziba upande mmoja wa barabara huku mabasi, bajaji na bodaboda zikigombania uliobaki. Kituo cha pamoja cha huduma za mpakani, ambamo msafiri na shehena hukaguliwa mara moja na maofisa wa nchi zote mbili badala ya mara mbili, kilizinduliwa Oktoba 2019 na Rais John Magufuli na Rais Edgar Lungu, kikapunguza muda wa kila gari langoni. Lakini magari yaliongezeka nayo, na dereva anayepika ugali kwenye jiko la mkaa kando ya gurudumu la lori lake ni picha ya kila siku kwa mtu anayekimbilia ndege.

Katika miaka ya 2020 serikali ilianza kuipanua barabara ya Igawa hadi Tunduma, yenye kilomita 218, iwe ya njia nne. Kipande cha kwanza, cha kilomita 29, kinaanzia Nsalaga upande wa Uyole, kinapita katikati ya jiji la Mbeya na kuishia Ifisi, jirani na njia panda ya uwanja wa ndege, hivyo abiria wa mjini atafika uwanjani kwa barabara pana. Kutoka Ifisi kwenda Vwawa, Mpemba na mpakani, malori na abiria wanagawana njia mbili zilezile.